Nitabadilishaje betri za Defender bila kupoteza orodha ya alama za juu?

Mjukuu wa Kibuye (Kisumu)

Ndugu zangu, natumaini mko salama. Ninaomba ushauri kuhusu mashine ya gemu ambayo mjomba wangu aliiweka kwa miaka mingi katika hoteli yake ndogo karibu na soko la Kibuye, na ambayo sasa imebaki mikononi mwangu kwa kuwa mjomba amefunga hoteli na kurudi nyumbani Ugenya kupumzika. Ni Defender, ile iliyotengenezwa na kampuni ya Williams ya Chicago mwaka 1981, na bado inacheza vizuri isipokuwa kitufe kimoja kinachokwama.

Jambo linaloninyima usingizi ni orodha ya alama za juu. Mashine hii huonyesha orodha mbili, moja ya wachezaji bora wa leo na nyingine ya wachezaji bora wa nyakati zote, na hii ya pili haifutiki hata mashine ikizimwa mwezi mzima. Ina nafasi nane. Aliye juu ni OTI mwenye alama 214,650, anafuatwa na BEN mwenye 187,425, kisha wako wengine wanne ambao wote walikuwa wateja wa hoteli. Wawili kati yao walihamia Mombasa na mmoja ni kasisi siku hizi. Nafasi ya saba inashikiliwa na DRJ mwenye 21,270, ambaye hakuna anayemkumbuka. Ya nane ni SAM mwenye 18,315, jirani yetu fundi wa baiskeli, ambaye kila akipita dukani huuliza kama jina lake bado lipo.

Mjomba alikuwa na desturi moja. Kila Januari alifungua mlango wa nyuma huku mashine ikiwa imewashwa, akatoa betri tatu za AA, akaweka mpya, akafunga, na sisi watoto tulikatazwa kusogea. Hakutueleza sababu. Mwaka huu nilipofungua nilikuta betri moja imetoa unga mweupe ulioshikamana na kishikio, na chini yake doa la kijani limeanza kuteremka kwenye bodi. Naogopa kufanya kama mjomba alivyofanya, maana stima mtaani kwetu hupotea bila kuaga, na wiki iliyopita ilipotea mara mbili katika jioni moja. Ikipotea wakati betri ziko mezani, je, orodha itakuwa imekwenda? Na kama itakwenda, kuna njia nyingine?

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Mjukuu, kwanza funga huo mlango na usiguse kitu mpaka umalize kusoma.

Mjomba wako alijua alichokuwa akifanya, hata kama hakupenda kueleza. Ndani ya bodi hiyo kuna chipu ndogo ya kumbukumbu inayoitwa 5101, ambayo uwezo wake wote ni biti 1,024 tu, na humo ndimo yalimo majina, alama, hesabu ya sarafu na mipangilio yote ya mchezo. Chipu hiyo hukumbuka mradi inapata umeme kidogo sana, hata volti mbili zinaitosha. Mashine ikiwa imewashwa hulishwa na umeme wa mashine yenyewe, na ikizimwa hulishwa na zile betri tatu. Ndiyo sababu mjomba alizibadilisha mashine ikiwa hai: chipu haikukaa na njaa hata sekunde moja. Ukikosa vyote viwili kwa wakati mmoja, orodha inakwenda na hakuna fundi wa kuirudisha, na mashine itakapowashwa tena itajaza majina ya kiwandani.

Desturi ya mjomba, hata hivyo, ilitegemea stima, na wewe umeshasema stima yenu haiaminiki. Wako watakaokuambia uchomeke mashine kwenye UPS ya kompyuta, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda stima inapopotea. Mimi sipendi njia hiyo, kwa sababu mashine hizi zina kioo kikubwa cha zamani kinachovuta umeme mwingi, na UPS ndogo inaweza kuzima papo hapo stima inapopotea, yaani saa ile ile unapoihitaji. Fanya kazi hii bila stima kabisa.

Nunua kishikio cha betri tatu za AA chenye nyaya mbili, cha bei ya chini kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya redio, pamoja na klipu mbili zenye meno kama ya mamba. Weka betri mpya, pima kwa multimita uhakikishe ni volti 4.5 au zaidi kidogo, na uweke alama kwenye waya wa chanya ili usikosee. Zima mashine, chomoa plagi ukutani, kisha ngoja. Usisogeze mkono karibu na kioo wala waya mnene unaoingia mgongoni mwake, kwa kuwa vioo hivyo hubaki na volti elfu nyingi hata baada ya kuchomoa plagi, na si jambo la kujaribu. Sasa kwaruza polepole ncha za kishikio cha zamani kwa bisibisi mpaka chuma kiwe kinang'aa, ubane klipu ya chanya kwenye ncha ya chanya na ya hasi kwenye ncha ya hasi, huku betri za zamani zikiwa bado mahali pake. Kwa dakika moja au mbili seti mbili zitakuwa zimeungana, na hilo si neno. Kisha toa zile zilizooza, moja baada ya nyingine. Chipu haitajua kwamba aliyekuwa akiilisha amebadilika.

Baada ya hapo ndipo usafishe. Unga huo ni alikali kutoka ndani ya betri, nao hula njia za shaba kwenye bodi kidogo kidogo kama mchwa. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki, kikamue, pangusa pale palipochafuka tu, kisha rudia kwa spiriti ya kusafishia vidonda na uache pakauke. Usimwage kitu chochote, maana bodi hiyo bado ina umeme wa betri. Mwishowe kishikio kipya usikirudishe kwenye bodi. Kipe waya wa nusu mita, ukifunge kwenye ubao wa pembeni chini ya kabati, ili siku betri zikivuja tena zivujie mbao.

Jambo la mwisho, na limeshawaponza wengi. Ukifungua mlango wa sarafu kwa mbele utaona vitufe vichache vya fundi. Kimoja kati ya hivyo kazi yake ni kufuta alama za juu. Watoto wakikaribia, funga.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Nimesoma maelezo ya Fundi na sina la kupunguza, ila ningeomba Mjukuu atangulize kalamu kabla ya bisibisi. Namba iliyo ndani ya mashine ni jambo moja, na rekodi ni jambo jingine, na mara nyingi haziko mahali pamoja.

Chukueni mfano wa Asteroids, mchezo wa Atari wa mwaka 1979. Mashine yake haiwezi kuonyesha zaidi ya 99,990. Mchezaji akivuka hapo, kihesabu hurudi sifuri na kuanza upya. Tarehe 13 Novemba 1982, kijana Mmarekani aitwaye Scott Safran alifikisha alama 41,336,440, na rekodi hiyo ilikaa mpaka Aprili 2010, John McAllister alipoipita kwa alama 2,300 tu. Tafakarini maana yake: kihesabu cha Safran kilirudi sifuri mara 413, na mashine yenyewe, kama ingeulizwa, ingetoa jibu la mtu aliyecheza dakika chache. Kilichohifadhi rekodi ile ni mashahidi waliokaa hapo wakihesabu, na karatasi iliyotumwa kwa Walter Day, mwenye ukumbi wa Twin Galaxies katika mji wa Ottumwa, Iowa, ambaye tangu mwaka 1982 alikuwa akipokea na kutangaza alama kutoka kumbi mbalimbali.

Defender nayo ina kasoro ya jamii hiyo, kwa kuwa kihesabu chake kina tarakimu sita na hugeuka kinapofika milioni moja. Kwa hiyo OTI wenu wa 214,650 huenda alipata hizo tu, au huenda alipata 1,214,650 na mashine ikamla milioni nzima. Mjomba yu hai. Mpigie simu leo umuulize, kwa maana hilo ni swali ambalo chipu haiwezi kulijibu na mzee anaweza. Je, kaunta ilikuwa na daftari? Wenye hoteli wengi waliandika washindi mahali fulani, hata nyuma ya kitabu cha risiti, hasa kama kulikuwa na soda ya kushindaniwa.

Kisha piga picha ya skrini nzima, orodha zote mbili zikionekana, pamoja na picha ya ukurasa wa mipangilio. Katika Defender mipangilio haimo kwenye swichi, imo katika chipu ile ile ya 5101, na alama za mtu aliyeanza na vyombo vitatu vya angani, yaani maisha matatu ya kucheza, hazilinganishwi na za mtu aliyeanza na vitano. Andika pia rangi ya lebo zilizobandikwa kwenye chipu za programu, kwa kuwa mchezo huu ulitoka katika matoleo yanayotambulika kwa rangi: nyeupe, buluu, kijani na nyekundu.

Sasa nina jambo ambalo nasitasita kulisema. Waliounda mchezo huu ni Eugene Jarvis na wenzake, na kati ya wenzake walikuwamo Sam Dicker na Larry DeMar. Orodha ya kiwandani huanza na DRJ 21,270, kisha SAM 18,315, kisha LED 15,920. Kwa hiyo huyo DRJ ambaye hamumjui hakuwahi kukanyaga Kibuye, na nasikitika kusema kwamba SAM naye hakuwahi. Ukitaka kuhakikisha, washa mashine asubuhi kabla mtu hajacheza, utazame orodha ya wachezaji bora wa leo.

Nyar Nam (Kisumu)

Mwalimu, umetuharibia fundi wetu wa baiskeli.

Naomba kutofautiana kidogo na Fundi. Mimi ninayo Centipede ya Atari ya mwaka 1981, niliyoinunua ikiwa imelala kwenye ghala huku Milimani, na haina betri hata moja. Atari walitumia chipu ya aina ya EAROM inayoandikwa kwa umeme na kukumbuka bila kulishwa, ingawa inahifadhi watu watatu wa juu tu na wengine wote hufutika mashine ikizimwa. Tangu nianze kuitunza sijawahi kuogopa stima kupotea. Kwa Defender pia siku hizi zinapatikana chipu mbadala zinazokaa mahali pa 5101 na kukumbuka bila betri. Kwa nini Mjukuu aendelee kufuga betri ambazo zitavuja tena, na katika joto na unyevu huu wa ziwani zinavuja mapema? Aweke chipu mpya, amalize.

Na kwa faida ya wasomaji wengine, msidhani mashine zote zina bahati hii. Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya 1980 hazihifadhi chochote. Alama ya juu imo katika kumbukumbu ya kawaida, na swichi ikibonyezwa imekwisha. Nilipokuwa msichana nilimwona kijana mmoja akimsihi mwenye ukumbi asizime Pac-Man usiku, ili dada zake waje kuiona alama yake kesho yake. Mwenye ukumbi alikubali. Stima ilipotea saa nane za usiku.

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Nyar Nam, hoja yako ni nzuri kwa mashine isiyo na historia. Hapa kuna tatizo moja: ili kuweka chipu mpya ni lazima uitoe ile ya zamani, na ukiitoa umeikatia umeme. Chipu mpya haitakumbuka betri, kweli, lakini pia haitamkumbuka OTI. Itaanza na DRJ na SAM.

Kuna watu wenye vifaa vya kusoma yaliyomo katika chipu ikiwa mahali pake na kuyaandika kwenye nyingine, lakini si kazi ya kumfundisha mtu kwa maandishi, na mkono ukiteleza umepoteza vyote. Ushauri wangu unabaki pale pale: betri leo, chipu mpya siku atakapokuwa radhi orodha iishi kwenye picha.

Nyar Nam (Kisumu)

Hapo nimekubali. Basi niongeze la programu. Tangu mwaka 1997 ipo MAME, iliyoanzishwa na Nicola Salmoria wa Italia, ambayo huendesha programu halisi za mashine hizi ndani ya kompyuta. Kwa Defender huhifadhi faili ya kumbukumbu inayolingana na ile 5101. MAME pia inaweza kurekodi kila kitufe kilichobonyezwa tangu mchezo unaanza, na mtu mwingine akauchezesha upya na kuona alama zikipatikana moja moja, mradi atumie toleo lile lile la MAME. Kwa alama mpya huo ni ushahidi bora kuliko picha. Kwa alama za zamani haisaidii, kwa kuwa OTI hakurekodiwa.

Mjukuu wa Kibuye (Kisumu)

Nimerudi na habari. Nilifuata maelezo ya Fundi Jumamosi asubuhi, plagi ikiwa mkononi mwa mke wangu ili nisijidanganye kwamba nimeichomoa. Betri za zamani zilikuwa zimebakiwa na volti 3.6 na mpya zilisoma 4.8. Kwaruzo la kwanza lilinitisha kwa sababu ncha ya hasi ilikuwa imeliwa karibu nusu, na klipu iliteleza mara mbili kabla ya kushika. Siki ilitoa mapovu pale penye doa, nikapangusa mpaka kijiti cha saba kikatoka kikiwa safi. Njia moja ya shaba imechubuka lakini haijakatika. Nilipowasha, kioo kilichelewa kama kawaida yake, halafu orodha ikaja: OTI, BEN, na wote walio chini yao.

Nilimpigia mjomba pia. Daftari lilikuwapo, na aliliacha kwenye sanduku la bati pamoja na leseni za hoteli. Binamu yangu ataniletea mwisho wa mwezi. Kuhusu OTI, mjomba alicheka sana, akasema kijana huyo alikuwa akipita milioni karibu kila Ijumaa, na kwamba akikaribia 990,000 mashine ilikuwa ikimmwagia vyombo vya bure kama mvua ya masika, kila adui aliyempiga anapata kimoja. Nilidhani mzee anatia chumvi.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Hatii chumvi. Ni kosa linalojulikana la programu ya Defender: kuanzia 990,000 mpaka kihesabu kinapogeuka, hesabu ya chombo cha ziada huchanganyikiwa, na kila adui anayepigwa huleta chombo kimoja na bomu moja. Asiyefika huko hawezi kulisimulia, na mimi huo ningeuita ushahidi mzuri. Andika maneno ya mjomba kama alivyoyasema, pamoja na tarehe ya simu hiyo, uyaweke kando ya ile namba 214,650. Usiibadilishe namba yenyewe. Iache kama mashine inavyosema, na ushuhuda ukae pembeni yake.

Mjukuu wa Kibuye (Kisumu)

Nitafanya hivyo, Mwalimu.

Limebaki la Sam. Jumapili asubuhi niliwasha mashine kabla ya kufungua duka, na katika orodha ya leo, siku ambayo hakuna aliyecheza, alikuwapo DRJ na chini yake SAM, 18,315. Bahati mbaya Sam mwenyewe alikuwa mlangoni na mpira wa baiskeli begani. Aliitazama skrini kwa muda, akauliza inawezekanaje amecheza leo. Nilimweleza yote. Alinyamaza, kisha akasema kwamba kwa kweli hakuwahi kukumbuka siku yenyewe, alikumbuka tu kuliona jina.

Atakuja Jumapili ijayo baada ya soko. Kwa kuwa nafasi ni nane na ya mwisho ni ya huyo SAM wa Chicago, anahitaji kupita 18,315 tu ili aingie, na akiingia atakayetolewa ni yule mwenzake. Nimeshapiga picha zote, zimo kwenye simu mbili na nyingine nimechapisha. Kitufe kinachokwama ni cha kugeuza chombo, na kama kuna anayejua namna ya kukilegeza bila kukifungua chote, naomba anijibu kabla ya siku hiyo.

Fundi wa Section 58 (Nakuru)

Kifungue. Ndani kuna vibamba viwili vya chuma vinavyogusana. Pitisha karatasi ngumu katikati yake mara kadhaa, kisha vikunje kidogo vikaribiane. Ni dakika tano. Na usimwambie Sam kwamba ulikitengeneza kwa ajili yake.